Kempa inachemka? Tafuta joto linaingilia wapi kabla ya kujaza gesi

Kuanzia Januari mpaka masika yaanze, gereji yetu hapa Arusha husikia ombi moja kwa sauti tofauti: "Fundi, nijazie gesi." Analitoa dereva wa Land Cruiser ya watalii yenye paa la kunyanyua. Analitoa mama aliyefunga vitanda kwenye Hiace ili awatembeze wanawe likizo. Juzi alilitoa mzee mmoja mstaafu mwenye Coaster aliyoigeuza nyumba, jiko na kitanda humo humo. Nilimwamkia, nikamwomba dakika kumi na tano na kipimajoto. "Mwanangu, hapa hakuna cha kupima, gesi imeisha," akaniambia. Gesi haikuwa imeisha wala haikuwa imepungua. Joto lilikuwa linaingia kwa mlango mwingine kabisa.

Gari la kulala, au kempa kama tunavyoita, lina milango mingi ya joto: paa, vioo, injini, jiko, na watu wenyewe. AC ni pampu tu ya kulichukua joto la ndani na kulitupa nje. Ukiacha milango wazi kisha ukanunua pampu kubwa zaidi, unateka maji kwa pakacha, na pesa za safari zinaishia gereji.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua boneti

Liweke gari juani saa saba mchana, funga milango, washa AC izungushe hewa ya ndani kwa robo saa. Pima hewa pale AC inapovuta, kisha pima pale inapopuliza. Hewa inayotoka ikiwa chini ya ile inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 11 za Selsiasi, au zaidi, AC inafanya kazi yake, iache. Tofauti ikiwa nyuzi 3 au 4 tu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya AC hapo chini. Kipimo cha tatu hakitaki chombo: weka kiganja kwenye dari. Usipoweza kukiacha hapo kwa raha, mlango mkubwa umeshaupata.

Coaster ya mzee ilitoa tofauti ya nyuzi 10, sawasawa kabisa. Dari yake sasa! Ungeweza kudhani kuna mtu anapika chapati upande wa pili wa bati.

Dalili: AC nzima, ndani bado panawaka

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu magari haya umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao unasisitiza vioo vya ubavuni. Huko kwao wana haki, maana kwa sehemu kubwa ya mwaka jua lao hupita chini likipiga ubavu. Arusha na Moshi ziko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi, na hata linapoegemea kusini Desemba au kaskazini Juni, bado liko juu sana. Kwa hiyo kwetu bati la paa ndilo linalobeba mzigo, tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Vioo vina saa zao chache: asubuhi vya mashariki, jioni vya magharibi.

Ukishalielewa hilo, hata namna ya kuegesha inabadilika. Geuza ubavu mrefu wa gari uutazame mlima. Huhitaji dira: ukiwa Arusha mjini, Meru iko kaskazini, ukiwa Moshi, Kibo iko kaskazini kabisa. Hapo sehemu fupi za gari, pua na mkia, ndizo zinazokabili mashariki na magharibi. Mimi napendelea pua itazame mashariki, kwa sababu kioo cha mbele ndicho kikubwa kuliko vyote na jua la asubuhi halijakuta gari limeshapata moto. Na kati ya Desemba na Februari ubavu wa upande wa mlima unashinda kivulini siku nzima. Huo ndio ubavu wa kufungua dirisha, kuweka kiti na kuelekeza mgongo wa friji.

Kioo cha mbele kizibe kwa nje. Wengi wanaweka lile pazia la fedha kwa ndani. Linasaidia, lakini jua likishavuka kioo, sehemu kubwa ya joto lake imeshaingia. Turubai jeupe au hata shuka nene lililobanwa na milango, likiwa nje, linafanya kazi zaidi.

Kuhusu paa, dawa ya kwanza ni kivuli kisichogusa bati. Tandaza turubai au neti ya kivuli juu ya paa na uache nafasi ya shubiri moja katikati ili upepo upite. Turubai lililolalia bati linapata moto na kulikabidhi bati moto ule ule. Dawa ya pili ni rangi nyeupe, nayo watu wanaidharau bila sababu. Nimeshika kwa mkono huu paa jeupe na paa la bluu iliyoiva, magari mawili yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu hapa uwanjani kwetu. La bluu nilitoa mkono mara moja, jeupe niliuacha. Mti ni mzuri pia, isipokuwa mwembe wenye maembe yaliyokomaa, na isipokuwa kama sola yako imefungwa paani. Kivuli kidogo tu kwenye kona ya paneli kinaangusha umeme wake vibaya sana. Mwenye paneli ya kuhamisha alaze gari kivulini na paneli juani, waya mrefu katikati.

Dari ya ndani ndiyo inayoniumiza moyo zaidi, kwa sababu mtu ameshalipia. Ile Hiace ya mama ilikuwa imefungwa karatasi ya fedha na fundi aliyemwambia kwamba "inarudisha jua". Tulipofungua skrubu za dari na kushusha plaiwudi, tukaiona: imegandishwa kwa gundi kwenye bati, imelala bapa bila hata kiputo, na plaiwudi imeikandamiza kutoka chini. Karatasi ya fedha inakinga joto ikiwa inatazamana na hewa. Ikibanwa hivyo, ni chuma chembamba kati ya chuma na mbao, na joto linapita kana kwamba hakuna kitu. Tulichofanya ni kugandisha mabodi ya povu gumu ya milimita 25 kwenye bati, kuacha nafasi ya hewa ya sentimita 2 kwa vipande vya mbao, kisha karatasi ile ile ya fedha, kisha plaiwudi yake ile ile. Hakununua AC. Alirudi wiki ya pili kuniambia kwamba wanawe sasa wanalala mchana humo ndani. Sufi ya kioo (glass wool) siipendi kwenye gari: inanyonya unyevu, inalala chini kwa mtikisiko, na bati linaanza kuoza bila kuonekana.

Kama sakafu ya mbele ndiyo ya moto, hasa baada ya kupanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, usilaumu paa. Hiace na Coaster zina injini huko huko mbele, chini ya viti au pembeni mwa dereva, na injini inaendelea kutoa joto muda mrefu baada ya kuzimwa. Angalia mpira wa kifuniko cha injini kama umekauka au umekatika. Na kumbuka mtu aliyekaa kimya anatoa joto la karibu wati 100. Watu sita ndani ya Hiace ni sawa na kuwasha hita ndogo. Pikeni nje.

Hapa naomba usome taratibu. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika kumi za kwanza, na linaendelea kupanda. Kuacha dirisha wazi kidole kimoja hakuokoi kitu. Usimwache mtoto, mzee aliyelala wala mbwa ndani "nikimbie sokoni mara moja". Ukimkuta mtu amechanganyikiwa, ngozi yake ya moto, anaongea ovyo au haamki, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee kwa nguvu, na safari ya hospitali ianze wakati huo huo.

Dalili: AC ya gari inapuliza, lakini si baridi

Gesi ya AC hailiki kama dizeli. Inazunguka ile ile miaka na miaka: kompresa inayoisukuma, kondensa ya mbele inayotupa joto nje, evapoleta ya ndani inayochukua joto la kabini, na kurudi. Ikipungua kwa kiasi cha kuleta tatizo, imevuja. Kwa hiyo fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia baridi ya wiki chache. Kabla ya kufika huko, sikiliza gari linakwambia nini.

Linapoa ukiwa mwendo, linapata moto ukiwa kwenye foleni ya mataa. Hapo hewa haipiti vizuri kwenye kondensa ukiwa umesimama. Feni haizunguki, au inazunguka kivivu, au kondensa imeziba.

Na kuziba huku si jambo dogo kwa magari yetu. Kuna Land Cruiser iliyotoka Ziwa Natron, njia ya Engaruka, dereva akilalamika kwamba imejazwa gesi mara mbili. Tulipovua grili, kwa mbele kondensa ilionekana safi, kwa sababu alikuwa anaiosha. Nikamulika tochi kwenye ule mwanya kati ya kondensa na rejeta. Vumbi la kijivu, mbegu za nyasi na mabawa ya panzi vilikuwa vimeshikana kuwa blanketi moja, unene wa kidole. Nililivuta kwa waya uliopinda, likatoka pande zima, na alama za mapezi ya kondensa zimejichora juu yake kama mstari wa daftari. Tukaosha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Usisogeze mashine ya presha karibu. Mapezi yale ni laini kama karatasi, yakilala chini hewa haipiti tena. Gari likapoa bila gramu moja ya gesi.

Linaanza na baridi kali, baada ya nusu saa upepo unapungua na baridi inapotea. Evapoleta imeganda barafu. Zima kitufe cha AC, acha feni ya ndani ifanye kazi kwa dakika ishirini. Maji mengi yakimwagika chini ya gari, jibu umelipata. Anza na filta ya kabini. Nimezikuta filta nzito kama tofali, na wenye magari hawakujua kama zipo. Filta ikiwa safi na bado inaganda, fundi aangalie sensa ya evapoleta na kiwango cha gesi.

Halipoi kabisa, na husikii ule mlio wa "tak" wa kompresa kushika. Fyuzi kwanza, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) pili. Vikiwa vizima, mara nyingi swichi ya presha imeizuia kompresa kwa sababu gesi imetoka kweli. Tafuta tundu kwa macho kwanza: gesi inatoka pamoja na oili yake, na oili inanasa vumbi, hivyo penye uvujaji pana doa jeusi lenye mafuta. Barabara zetu za vumbi zenye mikunjo kama bati zinalegeza vishikizo vya mabomba, bomba linasuguana na bodi mpaka linatoboka. Hapo ndipo pa kupapasa.

Ukifika mahali pa kujaza kweli, simama umwangalie fundi. Azibe tundu, avute hewa kwa pampu ya vakyumu si chini ya nusu saa, kisha ajaze kwa mizani. Kiasi kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti, pamoja na aina ya gesi: magari mengi yetu ni R134a, mapya kadhaa ni R1234yf, nazo hazichanganywi. Gesi ikizidi, baridi inapungua vile vile na kompresa inaumia. Na akikupendekezea gesi ya jikoni kwa sababu ni nafuu, ondoa gari lako. Hiyo inawaka moto, nawe unataka kulala ndani yake.

Dalili: AC ya umeme iliyo paani inanguruma, kisha inazima

Mara nyingi AC haina kosa, umeme haufiki. Umeme wetu ni volti 230, hetsi 50, lakini kwenye kambi umepitia nyumba, banda, na kebo nyembamba ya kuunganishia iliyozungushwa kwenye gurudumu lake. Pima volti kwenye plagi ya gari wakati kompresa inajaribu kuwaka, si kabla. Zikishuka sana, tumia kebo ya milimita za mraba 2.5 au nene zaidi, fupi kadiri inavyowezekana, na ifunguliwe yote. Ikibaki imeviringwa inapata moto mpaka plastiki inayeyuka.

Gari lililoletwa kutoka Marekani ni kesi nyingine: linataka volti 120 na hetsi 60. Transfoma inabadilisha volti tu. Hetsi zinabaki 50, mota inazunguka polepole na kupata moto kuliko ilivyokusudiwa.

Wenye jenereta, hesabuni mwinuko. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo jenereta ya kVA 2 iliyowasha AC bila shida Tanga ufukweni inaweza kushindwa hapa. Iweke mbali na madirisha, upande upepo unakoelekea. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu usingizini. Jiko la mkaa ndani ya gari ni vivyo hivyo.

Kuhusu kuwasha AC hii kwa betri, tufanye hesabu pamoja. Wati 1,200 kwa betri ya volti 12 ni ampea 100, bado hujahesabu kinacholiwa na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea 100 kwa saa moja) hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu. Hiyo ni chini ya nusu saa. Pesa hiyo iende kwenye paa na feni.

Dalili: friji haishiki baridi

Friji ya kompresa ya volti 12 mara nyingi inauawa na waya. Pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye plagi ya friji wakati inanguruma. Ukipata 12.6 huku na 11.4 kule, volti nzima na zaidi imeliwa njiani, na friji inajizima ikidhani betri imekwisha. Ipitishie waya wake yenyewe, milimita za mraba 6, na fyuzi karibu na betri. Ile plagi ya kiberiti cha sigara ing'oe. Inalegea kila ukipita kwenye rasta. Kama volti ziko sawa, angalia kama friji imesukumwa ndani ya kabati lisilo na pa kupumulia. Inatupa joto nyuma. Likikosa pa kutoka, inalivuta tena.

Friji ya gesi ya kupikia, ile isiyo na kompresa, inataka gari lisimame sawa. Kwenye miteremko ya Ilboru au Kibosho hilo linasahaulika haraka, nayo ikisimama upogo inapoteza nguvu. Kwenye joto kali inachoka hata ikiwa nzima, hivyo ifungie feni ndogo ya kusukuma hewa nyuma yake. Ukisikia harufu kali ya amonia na kuona unga wa manjano kwenye mabomba, imekufa. Na moto wake uzimwe kabla ya kuondoka, bila kubishana.

Dalili: jua limezama, ndani hapalaliki

Bati, plaiwudi na godoro vinatoa sasa joto vililokula mchana. Hewa moto iko juu, basi itoe kwa juu: fungua paa au tundu la dari, fungua dirisha moja tu la chini upande ulioshinda kivulini, na feni ya darini ipulize kwenda nje. Watu wanafungua kila dirisha na feni inavuta hewa kutoka lile lililo karibu nayo, kitandani hakifiki kitu. Neti za mbu zioshe. Neti yenye vumbi ni ukuta, na Mto wa Mbu huwezi kulala bila neti, jina lenyewe limeshasema. Kanga iliyolowa ukiitundika kwenye dirisha la kuingizia hewa inapoza kweli miezi ya ukavu. Masika hewa imeshajaa maji, inakuongezea unyevu tu.

Kuanzia usiku wa manane hewa baridi inateremka kutoka mlimani. Ukiwa Usa River, Tengeru au Moshi mjini, dirisha la chini liwe la upande wa mlima, uipokee. Kisha amka mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijagusa bati, funga madirisha, teremsha mapazia ya mashariki, tandika turubai juu ya paa, na baridi uliyoipata bure usiku utakuwa nayo mpaka saa nne.